Sufuria Ndani ya Wimbo

Bendi ya roki ya Salme ilitoa albamu nyingi hata mashabiki wakawa wanachanganya majina. Hii mpya waliipiga kwa kubadilishana vyombo: mpiga ngoma alishika gitaa, likawa linavuma kama nyuki waliofungiwa mtungini, na aliyejisikia kuimba aliimba.

Katikati ya wimbo, Bi Mwatime aliyewapikia alifungua mlango wa studio. Alishika sufuria na mwiko wa mninga, ncha yake imebabuka kwa moto. Akagonga kuwaita kula, kumbe ameingia sawasawa kwenye mapigo. Wakacheka huku wanapiga.

Bwana Nassoro, mkubwa wa kampuni inayotoa nyimbo zao, akasimamisha mashine ya kurekodi, akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta.

"Hiyo nafuta. Kugonga vyombo vya jikoni kwenye rekodi ni mwiko."

"Ndiyo, ni mwiko," alisema Salme. "Ulidhani ni upawa?"

Wote wakaangua kicheko, isipokuwa Nassoro.

"Chekeni tu. Sufuria ikibaki, kampuni haitoi albamu hii."

Salme aliwatazama wenzake. Hakuna aliyeweka chombo chini.

"Basi isitoe," alisema. "Tutaiuza wenyewe, hata sokoni."

Bi Mwatime alikuwa ameanza kurudi kinyumenyume. Salme akamshika mkono, akateremsha maikrofoni mpaka kwenye masizi ya sufuria.

"Mama, tuanzie pale ulipoingia."

Bi Mwatime akafuta kiganja kwenye khanga, akainua mwiko. Wapigaji walimtazama yeye. Kidole cha Nassoro kilikuwa bado juu ya kitufe.