Plasta ya Kaseti

Bibi harusi yuko mlangoni, nyumba imejaa hadi uani, na fundi Uthmani bado hajawasha kamera. Tangu mipaka ifungwe, kaseti mpya za video hakuna Bujumbura nzima. Hii ameitoa mama mwenye shughuli. Ni ya harusi ya binti wa kwanza, na humo marehemu mume wa mama anacheza. Picha zake nyingine ziliungua na nyumba yao, mtaa wa Kamenge.

Uthmani ameziba kwa plasta kitundu cha kaseti kinachozuia kurekodi, ili irekodi juu ya picha zile za zamani.

“We fundi, washa! Betri itakufa!” mtu akaita kutoka uani.

“Mama, nifute kweli?” Uthmani akauliza.

Mama akaanza kuibandua plasta kwa ukucha.

“Muone mutoto, jamani!” shangazi wa bibi harusi akacheka, akimwonyesha mlangoni. “Pua ya babake, kabisa!”

Ukucha ukasimama. Mama akamtazama bibi harusi, kisha akaikandamiza tena plasta kwa kidole gumba.