Jogoo Aliyeogopa Kulowa Kilemba

Zamani hizo wanyama wa mataifa yote walikutana kwa michezo, na madume wakashindana kwa mitumbwi kwenye maji ya kasi. Bwawa la kina Bata halikuwa limepata medali tangu liumbwe, na Bata ndiye aliyebaki kulitoa aibu.

“Hata nchi kavu unatembea kama umekalia mwiba!” Jogoo alimcheka, akampiga kikumbo akampita.

Mbele palikuwa na kamba iliyotandwa juu ya maji. Sheria ilimtaka kila mmoja apinduke hapo na mtumbwi wake, azame, kisha aibuke. Jogoo akaonea huruma kilemba chake chekundu. Akainama tu, akapita mkavu, akafika akiwika.

Bata alizama matako juu, akaibuka, akapiga kasia mpaka mwisho.

“Jogoo hakupinduka, katolewa,” akatangaza mwamuzi Kiboko. “Bata mshindi!”

“Lakini nilitangulia!” Jogoo alilia.

“Ulitangulia, kaka,” Bata alisema, medali shingoni. “Sasa sogea, tunapigwa picha.”