Kisanduku cha Ukutani

Nasoro alizima swichi kuu, akapanda stuli na kufungua kifuniko cha kisanduku cha zamani cha nyaya ukutani. Hapo ndipo alipotaka kuunganisha taa mpya, juu ya kitanda atakacholalia mkewe kesho baada ya harusi.

Harufu ilimpiga kwanza. Kisha mende wakamwagika hadi kwenye kiwiko chake. Nyuma yao, mjusi mkavu alikuwa amegandia kwenye nyaya, na maungio yalikuwa yamefungwa kwa mfuko wa mkate, uliokuwa umeyeyuka ukawa ute mweusi. Nasoro alitema mate dirishani.

"Ukimaliza kutema, funga taa," alisema ami yake, Shali, aliyeshika stuli. "Itafunika yote."

"Nani alifunga hivi, ami?"

"Mimi. Umekulia humu, umewahi kupigwa shoti?"

"Pameungua. Tazama."

"Kilichoungua ni mjusi. Au bibi harusi anakuja kukagua ukuta?"

"Na vyumba vingine?"

"Vyote ni mkono wangu," alisema Shali kwa fahari.

Nasoro alishuka. Taa aliiacha kitandani, akabeba stuli hadi chumba cha mama yake, ambaye alikuwa amejilaza akijipepea kwa upepeo wa ukili.

"Umeme unarudi lini, baba?"

"Bado, mama. Hebu sogea kidogo."

Alilegeza skrubu za kifuniko cha kisanduku kilichokuwa ukutani juu ya mto. Kabla hakijafunguka, vumbi jeusi lilianza kudondoka, polepole, juu ya shuka nyeupe.