Kokwa la Ishirini

Mke wa fundi viatu alifukia kokwa la ishirini nyuma ya banda la kuku, akasawazisha udongo kwa ndala yake. Akatega sikio. Nyundo ya mumewe ilikuwa bado inagonga soli barazani. Salama.

Wiki tatu nyuma wifi yake, muuguzi wa zahanati, alikuja na uso wa msiba.

"Wifi, tumbo la mdogo wangu limegoma. Anataka matunda. Maembe haya ya msimu yanatosha: yana nyuzinyuzi za kulainisha choo, na vitamini humohumo. Asipokula, mwisho wa mwezi namwandikia barua akapasuliwe."

Kupasuliwa! Mama wa watu alimwomba Mungu, kisha akamenya embe moja nono, akampelekea mumewe kwenye sahani.

"Embe?" fundi alifoka. "Kwani mimi popo? Sili!"

Ndipo vita vilipoanza. Kwa miaka kumi, tangu watoto wahame, jiko lake lilikuwa halijui kingine ila maharage na chumvi. Sasa alikuna embe bichi, akalipikia samaki. Aliponda embe bivu, akalikorogea kwenye uji. Alianika vipande juani, vikikauka akavikatakata na kuvikandia kwenye unga wa mkate. Maganda walikula kuku. Makokwa yakaenda kaburini.

"Mchuzi huu una uchachu fulani," fundi alisema siku moja, akimkazia macho. "Umetia nini?"

Mama hakuwa mtu wa kusema uongo. "Nimetia mkono wangu, baba watoto. Kula."

"Basi hebu ongeza huo mkono."

Akaongezewa. Akafuta sahani kwa kidole mpaka ikang'aa, akauliza kama sufuria nayo imeshaoshwa.

Leo asubuhi mama alimwona akiruka mtaro kama beberu, anapiga mluzi. Kule chooni siku hizi haguni hata kidogo. Machozi yakamlenga. Akainua mikono juu.

"Mungu mkubwa! Mume wangu, umepona!"

Mluzi ulikatika. "Nimepona?"

"Kabisa! Hata mimi leo napumzika, narudi kwenye maharage yangu. Nilikuwa nimechoka, we acha tu."

Fundi alitazama nyundo, akamtazama mkewe, akavaa shati.

"Ngoja kwanza nikapimwe. Mwili hauaminiki."

Mama akafurahi. Mwanamume aliyekuwa haambiliki, leo anajipeleka mwenyewe!

Kule zahanati fundi alipita foleni yote bila salamu, akamvuta dada yake hadi nyuma ya mlango wa chumba cha sindano.

"Dada," alinong'ona, "ule ugonjwa ulionitungia umekwisha. Nitungie mwingine, haraka, kabla hajainjika sufuria ya mchana."