Shuka la Mgeni

Abílio alikuwa chini ya miguu ya mkewe, ndani ya shimo lililofunikwa kwa mbao na gunia la mahindi. Ermelinda alikuwa amelikalia gunia lenyewe, akichambua maharage aliyokwisha kuyachambua mara mbili.

Askari saba walikuwa wameizunguka nyumba. Pa kutokea hapakuwepo.

"Leta mashuka yote, mama," alisema Kapteni. "Yote. Hata la kuzikia."

Chanzo cha yote kilikuwa Henrik. Mzungu huyo alivuka milima ya Timor kwa miguu, malengelenge kila kidole, aje kuwaona watu wanaopigana na jeshi lililoikalia nchi yao. Aliwapenda mpaka wakaona haya. Akipewa muhogo, machozi. Watoto wakimwimbia, machozi. "Sijapata kuona watu kama ninyi," alisema. "Lazima dunia iwajue!" Aliapa kwamba hatataja jina la mtu wala kuonyesha uso wa mtu.

"Usimpe kitu," Abílio alimnong'oneza mkewe. "Anayetupenda hivi atatumaliza."

Lakini mgeni haondoki shingo tupu. Ermelinda alijifungia chumbani siku sita, akafuma tais, shuka la heshima, kazi ambayo siku zote huifanya barazani. Alimvisha kwa mikono yake, akalinyoosha vizuri kifuani.

"Nakshi hii inasema nini?" Henrik aliuliza.

"Inasema ulikaribishwa na nani."

Akalia tena, bila shaka.

Ahadi aliitimiza. Gazeti la kwao halikutaja jina wala kuonyesha uso, ila wake mwenyewe, anatabasamu, tais shingoni. Gazeti hilo sasa lilikuwa limekunjwa mfukoni mwa Kapteni.

Aliyewaleta askari ni Justino, mkuu wa kitongoji. Mdomo wake ndio uliompandisha mdogo wa Abílio kwenye lori, na tangu siku hiyo kijana yule hajaonekana. Ermelinda alimchukia mtu huyu hata usingizini. Picha Justino hakuonyeshwa. Aliambiwa tu kwamba mgeni kavaa shuka, ikamtosha.

"Anza na hawa, Kapteni. Shuka halidanganyi. Kwetu kila nyumba ina nakshi yake. Mwanamke akifuma ya nyumba nyingine, mababu wanamkausha mikono. Hakuna anayethubutu."

"Hakuna kabisa?"

"Tangu dunia iumbwe! Shuka ndilo kitambulisho chetu. Niulize mimi."

Chini ya mbao kitu kiligonga, kidogo tu. Ermelinda akayamwaga maharage kwenye ungo kwa kishindo.

"Mbona mikono inatetemeka, dada?" Justino alimcheka.

"Baridi, mkuu."

"Baridi, jua lote hili! Wenzangu, mmesikia?"

Askari wakacheka. Ermelinda aliitazama mikono yake, akaificha ndani ya maharage.

Kapteni aliyatandaza mashuka sakafuni. Jogoo mwekundu. Jogoo mwekundu. La harusi, jogoo. La kuzikia, jogoo. Justino akayapanga kwa ncha ya kiatu, kajaa furaha.

Kapteni akalitoa gazeti. Akaitazama picha, akatazama sakafu, akairudia picha. Ermelinda alihisi mbao zikipumua chini yake, akajikaza asiangalie chini.

"Bwana Justino," Kapteni alisema taratibu. "Hebu rudia. Hakuna mwanamke anayethubutu?"

"Hakuna, Kapteni. Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Kapteni akawaita askari wawili kwa kidole. Kisha akamsogelea Justino, akalishika shuka alilokuwa amelitupia begani tangu asubuhi, akalikunjua. Mamba wawili walitazamana mdomo kwa mdomo, sawasawa na wale wa gazetini.