Punje za Mwarobaini

Jua lilikuwa likiyaharibu mafuta ya mwarobaini kabla hayajaua wadudu, mpaka Mashavu alipogundua namna ya kuyafunga ndani ya punje ndogo za gundi ya mgunga, zinazoyeyuka polepole udongoni. Msimu ule alipata punje za kutosha shamba moja tu. Akaenda kuzifukia kwenye nyanya za dada yake, Tunu, ambaye alikuwa hasemezani naye tangu msiba wa mama yao.

Tunu akatoka nje. "Na nyanya zako?"

"Zimeshaliwa na wadudu, dada," Mashavu akadanganya, huku akiendelea kufukia.

Tunu akapiga magoti upande wa pili wa tuta, akakinga kiganja. Mashavu akammiminia punje, nyingine zikadondoka katikati yao.