Kipimo cha Nyuma ya Sikio

Mwaka huu narudia somo la Kusikiliza kwa mara ya tatu, na sababu ni ile ile: nasema pole.

Huku ughaibuni ninakosomea ushauri nasaha, kila mwanafunzi hupachikwa kipimo nyuma ya sikio. Kinasikiliza maongezi yake yote, kuanzia darasani hadi jikoni, mpaka ahitimu. Ukimpa mtu pole, kinalia: umemkatiza. Ukimwambia atapona, kinalia: umemwahidi. Nimemweleza mwalimu wangu kwamba kwetu Tabora, asiyetoa pole msibani hudhaniwa mchawi. Akaniuliza, kwa ile sauti yake laini inayonikera, hilo linanifanya nijisikieje.

Jumamosi nilikuwa nakatakata vitunguu mama aliponipigia simu. Nilikuwa nimebakiza kosa moja tu nifukuzwe chuo.

"Nyamizi, mama yako mdogo Kalunde ametutoka. Tumemzika leo asubuhi."

Mama mdogo Kalunde ndiye aliyeninyoa nywele za kwanza, ndiye aliyenipeleka shule. Pole ilinifika kooni, nikaimeza.

"Nasikia una huzuni, mama," nikasema. "Ungependa kunieleza zaidi?"

Kipimo hakikulia. Nilikuwa nimepatia.

Nyuma ya mama nilisikia wanawake wakipokea wageni, pole, pole sana, kila mmoja kwa zamu yake. Kisha mama akazungumza kwa adabu, kama anavyozungumza na watu wa ofisini.

"Samahani, dada. Naomba umpe Nyamizi simu."